Ufunguo Uliokatwa Kucha

Wapo watu wanaokwenda kwenye mnada wa mali za marehemu kutafuta kabati, wengine hutafuta masufuria, na wengine, tuseme ukweli, huenda tu kuchungulia marehemu alikuwa analalia godoro gani. Huyu wetu alikwenda kutafuta mashine za kukata funguo, tena zile kuukuu, zilizokufa zamani, ambazo hata muuza vyuma chakavu huzitazama mara mbili kabla ya kuinama. Mtaani walimwita Mfufuaji. Jina lilianza kwa kejeli, likazoeleka, mwishowe likaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa karakana yake, na aliyeliandika ni yeye mwenyewe.

Asubuhi alikata funguo za wateja kwa mashine mpya ya umeme, mashine isiyo na maneno wala tabia. Alasiri, akishafunga kidirisha cha wateja, aligeukia maiti zake. Alikuwa nazo kumi na moja. Nyingine zilikaa chini ya kitanda, moja ilikuwa jikoni karibu na ndoo za maji, na mkewe alikwisha kusema mpaka akachoka kwamba nyumba ile ina mataya ya mashine mengi kuliko viti.

"Wageni wakija watakaa juu ya nini?" alimuuliza siku moja. "Juu ya mota?"

"Mota hiyo inabeba hata mtu mnene," alijibu Mfufuaji, na mke akacheka bila kupenda, kwa sababu hasira zake zilikuwa za karibu na kicheko chake kilikuwa cha karibu zaidi.

Mashine ya kumi na mbili ndiyo iliyoleta balaa hili ninalotaka kulisimulia.

Aliinunua kwenye nyumba ya karani mmoja mstaafu aliyefariki. Warithi watatu walikuwa wamekaa barazani kila mmoja na upande wake, kama abiria waliokosana. Dalali alikuwa amekwisha kuuza meza, saa ya ukutani na sanduku la vitabu, na sauti imemkauka. Alipofika stoo akavuta blanketi na kukuta dude la chuma lililopakwa rangi ya kijivu, mkanda wake umeliwa na panya. Akalitangaza kuwa ni mashine ya kusaga nyama. Watu wakavunjika mbavu. Mfufuaji hakucheka. Alijikuna sikio, ambayo ndiyo ilikuwa ishara yake mnadani, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejikuna popote, akapewa mashine pamoja na blanketi lake.

"Baba aliiokota sijui wapi," alisema mrithi mmoja wakiibeba. "Hata siku moja hakuiwasha."

Mfufuaji alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa. Kwanza bolti zote huloweshwa mafuta ya taa siku tatu. Kisha kila kipande hufunguliwa na kupangwa juu ya gazeti kwa jinsi kilivyotoka, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, na ole wake atakayekohoa karibu. Rangi hukwanguliwa yote mpaka chuma kionekane. Na mwisho kabisa, kabla ya kupaka rangi mpya, mashine hukata ufunguo mmoja wa majaribio, kwa sababu, alivyosema, huwezi kumvalisha mgonjwa suti kabla hujajua kama anatembea.

Siku ya kukwangua ndipo alipoanza kushtuka. Chini ya kijivu palikuwa na kijani, na chini ya kijani palikuwa na nyekundu iliyoiva. Mzee Miwani, fundi aliyemfundisha kazi akiwa na miaka kumi na saba, alikuwa na mashine nyekundu namna hiyo. Mfufuaji akajiambia kwamba zamani hizo kila mashine ilikuwa nyekundu. Akaendelea kukwangua. Alipofika kwenye taya la ndani, lile linaloshika ufunguo usio na meno ili gurudumu liukate, akaona kovu. Gurudumu liliwahi kung'ata chuma chenyewe, na pembeni mwa jeraha pamebaki kinundu kidogo chenye umbo la mkia wa panya.

Kila anayejifunza kukata funguo huliumiza taya mara moja katika maisha yake. Anasahau kulisogeza, gurudumu linazama mahali lisipotakiwa, cheche zinaruka, na mwalimu anashika kichwa. Yeye alilifanya kosa hilo mwezi wake wa pili. Mzee Miwani hakumpiga. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Umeing'ata. Sasa na yenyewe itaung'ata kila ufunguo utakaoukata." Na alikataza kinundu kile kisipigwe tupa. Alitaka kibaki, kimkumbushe.

Sasa kinundu kilikuwa chini ya kidole chake, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Mfufuaji akakaa chini. Akacheka peke yake, halafu macho yakamlowa, halafu akamwita mkewe kwa sauti ambayo mke alidhani amekatwa kidole.

"Ni mashine ya Mzee Miwani," alimwambia. "Ndiyo hii hii. Mimi nimejifunzia hapa."

Mke aliitazama ile mifupa juu ya gazeti, akamtazama mumewe. "Basi hiyo ikae jikoni," alisema. "Hiyo sitaidai nafasi."

Jumamosi asubuhi mashine ilikuwa imesimama. Mkanda mpya, grisi mpya, mota inanguruma taratibu. Mke alikuja kushuhudia, mkononi ameshika kikombe cha chai. Mfufuaji akachukua ufunguo wa kufuli la stoo, akaubana kwenye taya la kwanza, akabana ule usio na meno kwenye taya la pili, akawasha. Gurudumu likaimba. Unga wa shaba ukamwagika kama unga wa ngano. Alipozima, akauchomoa ule mpya, akachukua tupa ndogo na kusugua ncha yake mara tatu, harakaharaka, bila kufikiri.

"Tangu lini wewe unatumia kushoto?" aliuliza mke.

Mfufuaji akautazama mkono wake. Tupa ilikuwa kushoto kweli. Kwa Mzee Miwani alikuwa anasugua kwa mkono wa kushoto, ndivyo alivyozaliwa. Alipohamia karakana ya pili, ambako mafundi sita walipangana kwenye meza moja, kiwiko chake kilimgonga jirani kila dakika, mpaka wakamlazimisha kulia, na kulia kukawa ndiyo mazoea. Na lile la kusugua ncha nalo aliliachia huko huko, kwa sababu mwenye karakana alisema ni kupoteza muda. Lakini mkono ulipoisikia mashine ile, ukarudi kwao wenyewe.

"Mzee Miwani alikuwa ananicheka," alimweleza mkewe, bado anatabasamu. "Fundi mwingine yeyote hagusi ncha. Mimi nilikuwa naipa tatu, ili ufunguo uingie laini. Akasema naukata ufunguo kucha. Basi jina likashika. Hata mdogo wangu akija kuniletea chakula alikuwa anauliza, leo umewakata kucha wangapi."

Mdogo wake alikuwa hatajwi katika nyumba ile, na yeye mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku.

Ili kuficha aibu akaugeuza ufunguo mkononi. Pale ubavuni kinundu cha taya kilikuwa kimeacha alama yake, mkia mdogo wa panya. Akautazama. Alama ile hakuiona mara ya mwisho kwa Mzee Miwani. Aliiona kwingine, baadaye, juu ya ufunguo mwingine.

Akaenda chumbani, akaburuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa kopo la zamani la kahawa lililofungwa kwa waya.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miaka ishirini na miwili iliyopita mama yao alikuwa na duka la vitambaa. Baba alikuwa amekwisha kufa, na duka lile ndilo lililowalea watoto wake wawili wa kiume. Asubuhi moja duka lilikutwa tupu, ukuta kwa ukuta, hata kipande cha bitana hakikubaki. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa wazi, limening'inia, na ndani yake umechomekwa ufunguo ambao haukuwa wa mama. Ulikuwa nakala. Ufunguo wa mama ulilala chini ya mto wake, na aliyeubeba kila asubuhi kwenda kufungua duka alikuwa mtoto wake wa pili. Basi watu wakapiga hesabu, na hesabu ikamwangukia yeye.

Mfufuaji aliletewa habari kwa Mzee Miwani, ambako siku hizo alikuwa analala huko huko kwa wingi wa kazi. Akaja mbio. Akamkuta mama amekaa kwenye kizingiti cha duka, mdogo wake amesimama mbele yake, hatetemeki, halii. Mama alimuuliza mara tatu ni nani aliyeuchonga ule ufunguo. Mara ya tatu kijana alisema neno moja tu, "Mama, muulize kaka."

Mfufuaji alidhani anatupiwa uchafu. Alimpiga mdogo wake kibao mbele ya watu. Mdogo akaondoka jioni ile na mfuko mmoja, na hakukanyaga tena nyumbani. Mfufuaji akauchukua ule ufunguo, akautia kwenye kopo, akalifunga kwa waya, na kila alipolala akajua upo chini yake.

Na mama bado alikuwa hai. Alikuwa anakaa nyumba ya pili kutoka karakana, mlango wake una kitasa na kufuli, na mchana kweupe alifunga vyote viwili. Siku hizi, mwili umemchoka, alikuwa na mchezo wa kuhesabu wanawe kwa vidole. Huanza na kidole gumba, hutaja jina la kwanza, akifika cha pili hukikunja kimyakimya. Daktari alisema moyo wake hauna safari ndefu.

Mfufuaji akaikata waya. Akaumwaga ufunguo kitandani.

Ubavuni palikuwa na mkia wa panya.

Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama ncha. Alama tatu za tupa, fupi, zimelalia upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuzilaza. Akauweka ule wa leo pembeni yake. Macho yakamtoka pima. Akaubadilisha huu huku na ule kule, akatumaini zitatofautiana, na hazikutofautiana. Fundi anaujua mwandiko wake, hata akijifanya hausomi.

Mke alikuwa mlangoni. "Nini?"

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeukata."

"Umekata nini?"

"Ufunguo wa mama."

Hakukumbuka. Hilo ndilo lililomtia kiwewe zaidi. Alijaribu kuikumbuka siku, uso, mkono uliomletea ufunguo wa kufuli, na kichwa kikabaki cheupe. Kwa Mzee Miwani alikata funguo hamsini kwa siku, na sheria ya kwanza pale ilikuwa tazama meno, usimtazame mtu. Ufunguo wa kufuli la duka unafanana na ufunguo wa kufuli la banda la kuku. Mtu fulani alikuja, akaukabidhi, akangoja, akaondoka nazo mbili. Na yeye, kwa ubingwa wake, akamkatia na kucha.

Ndipo likamrudia lile neno. Mama, muulize kaka. Lilikuwa jibu tupu la swali lililoulizwa, neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na yeye akalilipa kwa kibao. Alikaa kitandani, mkewe akimwita kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo hakuna anayelitumia.

Hatimaye mke akachukua shati safi, akamtupia mapajani. "Nenda," alisema. "Kwa mama au kwa shemeji?"

"Kwake kwanza."

Mdogo wake alikuwa fundi baiskeli upande wa pili wa mji. Mfufuaji alipajua mahali penyewe, kama mtu anavyolijua jino bovu, anapita mbali nalo. Alikwenda kwa miguu, funguo mbili zimebanwa kwenye kiganja cha kushoto. Akamkuta chini ya bati, anakaza spoki za gurudumu, nywele zake zimeingia mvi. Hilo nalo lilimshtua, kwamba mdogo mtu anaweza kuzeeka bila kaka yake kuwapo.

Mdogo akainua kichwa. Hakumwamkia. Katika maisha yao yote mdogo hakuwahi kumwona kaka akamnyima shikamoo, na sasa alirudi kwenye spoki zake kana kwamba amekuja mteja asiye na baiskeli.

Mfufuaji akaziweka funguo juu ya meza, kati ya pampu na kopo la gundi. "Huu nimeukata leo," alisema. "Na huu ni ule wa dukani."

Mdogo akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akainama. Hakutazama meno, alitazama ncha.

"Kucha," alisema.

"Ni mimi niliyeukata."

"Najua."

Alilisema bila uzito wowote, kama mtu anayeulizwa saa. Mfufuaji akashika ukingo wa meza.

"Siku ile nilikuwa nakuletea chakula," mdogo akaendelea. "Nilimwachia ufunguo yule mpagazi wa mama, mbeba marobota ya vitambaa, abaki dukani mpaka nirudi. Nilipokaribia kwenu nikamwona anatoka, na wewe unapuliza vumbi la shaba mikononi. Alikuwa na funguo mbili. Akanichekea, akasema mama kamtuma atengeneze wa akiba. Nikaamini. Wiki mbili baadaye akaaga vizuri, mama akampa na kitambaa cha shati. Duka lilipokutwa tupu ndipo nikaelewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Si nilisema." Mdogo akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nilisema mama amuulize kaka. Nikangoja useme, ukanipiga."

"Mimi sikumjua yule mpagazi," alisema Mfufuaji. "Nilikuwa nalala kwa Mzee Miwani. Sura yake sikuijua."

"Alifanya kazi dukani kwetu wiki tano, kaka."

"Wiki tano hizo sikufika dukani. Funguo zilikuwa zinaletwa, nakata. Sikujua ni wa mama. Nimejua leo asubuhi."

Gurudumu la baiskeli lilikuwa bado linazunguka polepole kwenye mhimili wake. Mdogo akanyoosha mkono, akalisimamisha.

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Kabisa?"

"Haki ya Mungu sikujua."

Mdogo akatafuta kreti kwa mkono, bila kulitazama, akakaa juu yake. Uso ulimbadilika ukawa wa yule kijana aliyesimama mbele ya kizingiti, ila safari hii alikuwa anatetemeka.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani ulimjua mpagazi, ulijua kila kitu, ukaona bora mwizi niwe mimi kuliko kazi yako iharibike. Ndiyo maana sikurudi. Nilimwambia mke wangu kwamba kaka yangu alikufa."

Mteja mmoja alifika anasukuma baiskeli yenye pancha, akawaona wanaume wawili wamekaa wanatazama funguo mezani kama watu waliopigwa na radi, akageuza akaondoka.

Mdogo akauliza, "Nasikia mama bado anafunga kote kuwili?"

"Bado. Hata mchana."

Mdogo akasimama, akaning'iniza gurudumu ukutani, akavaa shati juu ya fulana yenye grisi. "Twende," alisema. "Mimi nitabisha. Wewe ndiye utakayesema."

Wakavuka mji. Kaka, aliyezoea kutangulia tangu walipokuwa watoto, alitembea nyuma.

Mlangoni kwa mama, mdogo akabisha mara mbili. Ndani kiti kikasogea.

"Nani?"

"Ni sisi, mama," alisema Mfufuaji.

Neno hilo, sisi, lilikuwa halijabisha hodi kwenye mlango ule kwa miaka ishirini na miwili.

"Sisi nani?" mama akauliza, taratibu.

"Mimi na mdogo wangu. Fungua, mama. Siku ile alikwambia uniulize mimi, na hukuniuliza. Nimekuja uniulize."

Wakasikia fimbo yake ikija sakafuni. Wakasikia kufuli likifunguliwa, kisha ufunguo wa kitasa ukitafuta tundu lake, unakosa, unatafuta tena.